Utafiti ulisema vitabu, siasa ikasema laptopu

Vijana wenzetu, wengi wenu mnaikumbuka ile ahadi ya kampeni za 2013: kila mtoto wa darasa la kwanza atapata laptopu. Baadaye laptopu zikageuka tableti, na 2016 zikaanza kufika shuleni.

Sasa sikieni upande wa pili. Kati ya 2011 na 2014 Wizara ya Elimu, kwa pesa za wafadhili, ilikuwa na majaribio yaliyoitwa PRIMR. Mpango wenyewe haukuwa na mbwembwe: kila mtoto kitabu chake, mwalimu apewe mwongozo na mafunzo, na afisa wa elimu aingie darasani kumsaidia, si kumkagua tu. Watoto wakasoma vizuri zaidi. Kule Kisumu wakajaribu kuongeza vifaa juu ya mpango huo. Kwingine tableti walipewa maafisa, kwingine walimu, kwingine wanafunzi wenyewe wakapewa vifaa vya kusomea. Matokeo? Vifaa havikuongeza cha maana juu ya vitabu na mafunzo.

Serikali ikachukua vyote viwili. Mpango wa vitabu ukawa Tusome, nchi nzima, kuanzia 2015. Wa tableti ukaendelea vile vile, kana kwamba Kisumu hakukufanyika kitu.

Kwa maoni yetu, Tusome haikupita kwa sababu ripoti iliandikwa vizuri. Ilipita kwa sababu maafisa wa wizara walikuwa ndani ya majaribio tangu mwanzo, na Marekani na Uingereza walikuwa tayari kulipa. Utafiti wa vifaa nao uligongana na ahadi iliyokwisha kupigiwa kura. Waziri gani atasimama amwambie rais kwamba hesabu zimekataa? Na tuseme ukweli, kwenye mkutano wa kampeni nani hushangilia kitabu?

Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizoko serikalini. Kwa hivyo kikao cha maoni ya umma kuhusu elimu kikija kwenu, iwe Lamu, Kwale au Garissa, usiulize tu "mtatuletea nini?" Uliza walijaribu wapi, kwa watoto wangapi, kwa gharama gani, na ripoti iko wapi. Wakinyamaza, andika barua. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inawapa siku 21 kujibu.