Ami yangu mstaafu: mgeni Uingereza, mgeni Zanzibar

Bahasha ilitoka kwenye sanduku la posta wiki mbili kabla ya Ramadhani. Ndani mna fomu kutoka Uingereza inayomtaka ami yangu, mzee wa zaidi ya miaka 70, asaini mbele ya shahidi anayekubalika kuthibitisha kwamba bado yuko hai. Asipoirudisha ndani ya wiki 16, pensheni yake inasimamishwa. Mimi ndo nasomea sheria pale nyumbani, kwa hiyo nikaitwa kusaidia kuijaza.

"Waandikie kwamba nipo, mwanangu," akaniambia. "Mtu yupo. Pesa ndo haikui."

Nilidhani ni malalamiko ya kawaida ya wazee. Lakini nilipokaa chini nikasoma barua zake moja moja, tangu alipostaafu mwaka 2016, nikaona kweli: kiwango kilichoandikwa kwenye barua ya kwanza aliyoipata baada ya kurudi ndicho kilichoandikwa kwenye ya mwisho. Hakijaongezeka hata senti. Miaka yote hii mchele umepanda, mafuta yamepanda, dawa za presha zimepanda, pensheni imekaa pale pale.

Vijana wenzangu, naomba mnivumilie. Najua hapa tumezoea kuandika kuhusu tume ya uchaguzi na ajira. Hili la pensheni za waliokwenda Ulaya linaonekana la wazee, tena wazee wenye nafuu. Si kweli. Linatuhusu sisi tunaotafuta viza ya kuondoka kuliko linavyowahusu wao waliokwisha kurudi.

Pensheni inagandishwaje?

Kwanza tuelewe mambo yanavyokwenda. Uingereza ina pensheni ya serikali, inayotokana na michango ya bima ya taifa inayokatwa kwenye mshahara. Kwa waliofikia umri wa kustaafu kuanzia Aprili 2016, unahitaji angalau miaka 10 ya michango kupata chochote, na miaka 35 kupata kiwango kamili. Ukiwa na hiyo miaka unalipwa popote duniani unapoishi, hata Miembeni. Hapo hakuna shida.

Shida ni nyongeza. Kila Aprili kiwango kinapandishwa kufuata mishahara, au bei za bidhaa, au asilimia 2.5, chochote kilicho kikubwa kati ya hivyo vitatu. Lakini ukihamia nje, unapata hiyo nyongeza tu kama umehamia nchi za Umoja wa Ulaya na jirani zake wachache, au nchi yenye mkataba na Uingereza unaoruhusu nyongeza. Marekani ina mkataba. Jamaica na Barbados wanao. Katika Afrika, Mauritius wanao. Tanzania hatuna. Kenya hawana. Hata Australia na Canada, watu wa damu moja na Waingereza, wazee waliohamia huko wamegandishwa vilevile.

Tufanye hesabu. Mwaka 2016 kiwango kamili cha pensheni mpya kilikuwa pauni 155.65 kwa wiki. Mwaka wa fedha 2025/26 kikafika pauni 230.25. Kwa hiyo mzee aliyestaafu 2016 na kiwango kamili akahamia Zanzibar moja kwa moja, alikuwa nyuma ya mwenzake aliyebaki London kwa pauni 74.60 kila wiki. Kwa mwaka ni zaidi ya pauni 3,800. Wote wawili walikatwa michango ile ile. Na Ami hakufikisha hata hiyo miaka 35, kwa hiyo yake ilianza ikiwa pungufu.

Kuna mtu atauliza: mbona hawaendi mahakamani? Walikwenda. Annette Carson alifanya kazi Uingereza, akahamia Afrika Kusini mwaka 1989, akaanza kulipwa pensheni mwaka 2000. Sehemu yake ya msingi ikagandishwa kwenye pauni 67.50 kwa wiki. Akapigana hadi baraza la juu la mabwana, akashindwa. Akaenda na wenzake mpaka Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, na mwaka 2010 Jopo Kuu likaamua dhidi yao kwa majaji 11 kwa 6.

Nimeisoma hukumu ile mara mbili, na ukweli sikuipenda. Lakini ina somo kwetu. Wengi wa majaji walisema kwamba mchango hautengenezi deni la moja kwa moja kati yako na serikali kama vile umeweka pesa benki. Wakasema pia kwamba nchi zina haki ya kuingia mikataba ya hifadhi ya jamii na zinazotaka, na zisizo na mkataba haziwezi kudai zilingane na zenye mkataba. Kwa lugha ya mtaani: mlango wa mahakama umefungwa, ulio wazi ni wa serikali kwa serikali. Na kwenye mlango huo Ami hawezi kubisha hodi mwenyewe. Anayeweza ni serikali ya nchi anayoishi.

Sasa hapa ndo inakuja kero ya pili. Serikali ya nchi anayoishi inamhesabu vipi?

Aliyezaliwa Miembeni anaomba kibali

Ami alichukua uraia wa Uingereza mwaka 1999. Alikuwa na watoto wa shule, alitaka kazi ya kudumu, na kila mtu aliyeishi kule anajua maisha ya mtu mwenye paspoti na asiye nayo. Kwa Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake, wa Tanzania unaondoka. Hakuitwa, hakuulizwa, hakusaini kukana chochote. Uliondoka tu.

Kwa hiyo 2016 aliporudi kuzeeka kwao, alitua Uwanja wa Abeid Amani Karume akapanga foleni ya wageni. Kwenye paspoti yake, mahali pa kuzaliwa pameandikwa Zanzibar. Akaingia na viza ya matembezi, ile ya siku 90. Baadaye ikabidi atafute kibali cha ukaazi cha daraja C, daraja moja na watafiti, wanafunzi na wamishonari. Mzee mwenye kaburi la mama yake hatua chache kutoka nyumbani, analipia kibali kwa dola, kikiisha anaanza kukusanya karatasi upya. Na hizo dola zinatoka kwenye pensheni ile ile iliyoganda.

Halafu linganisha na hili. Hapa hapa Zanzibar, mgeni ambaye hajawahi kuikanyaga ardhi hii akinunua nyumba ya dola 100,000 au zaidi kwenye miradi iliyoidhinishwa, anapewa kibali cha ukaazi yeye na familia yake. Sina ugomvi na wawekezaji, waje. Nauliza tu: hivi kuzaliwa kuna thamani gani kama kunazidiwa na fleti?

Nisiwe mnyimi wa haki. Serikali imerekebisha Sheria ya Uhamiaji na ya Ardhi kuleta hadhi maalum kwa watu wenye asili ya Tanzania walio raia wa nchi nyingine. Ni hatua, na wapo itakaowapunguzia usumbufu. Lakini tuiite kwa jina lake. Hadhi maalum ni ruhusa nzuri zaidi ya mgeni. Unaiomba. Huwezi kupiga kura wala kugombea. Na serikali inapomwona mzee huyu ni mgeni mwenye ruhusa nzuri, itakuwa na haraka gani ya kwenda London kumtetea pensheni yake? Raia wa Uingereza aliyedhulumiwa na Uingereza, sisi yanatuhusu nini? Nadhani hilo ndo jibu linalotufanya tukae kimya miaka yote hii.

Ndo maana nasema haya mambo mawili ni jambo moja. Bila uraia hakuna wa kukutetea. Bila wa kukutetea hakuna mkataba. Bila mkataba pensheni inabaki ilivyo mpaka siku fomu ile ya uhai itakapokosa wa kuisaini.

"Walikwenda wenyewe, wavumilie"

Hoja hii nimeisikia hata kwa makamanda wetu. Eti mkulima wa Pemba hana pensheni kabisa, kwa nini tuhangaike na mtu mwenye pauni? Najibu hivi. Pauni za Ami hazikai London. Zinanunua samaki Darajani, zinalipa ada ya madrasa na ya chuo, yangu ikiwemo. Kila pauni iliyogandishwa ni pauni ambayo haikuja kwetu, na hatukuhitaji kukopa wala kumtoza mkulima kodi ili ije.

Hoja nyingine ni ya usalama: mtu hawezi kutumikia mabwana wawili. Wakenya waliijibu kwenye Katiba yao ya 2010. Ibara ya 16 inasema raia wa kuzaliwa hapotezi uraia kwa kuchukua wa nchi nyingine, na ibara ya 14 inampa aliyewahi kuupoteza haki ya kuurudisha akiomba. Uganda wanaruhusu uraia pacha. Rwanda wanaruhusu, na sidhani kuna anayeweza kusema Kigali hawajali usalama. Sisi hatuhitaji hata kusubiri Katiba mpya kwa hili, ingawa tunaidai. Masharti ya uraia hayamo kwenye Katiba ya 1977, yamo kwenye sheria ya kawaida ya Bunge. Ni muswada mmoja tu.

Sasa njoo kwako wewe unayesoma hii kwenye simu. Tuseme umefanya kazi Dar miaka minane, ukakatwa NSSF. Ukapata nafasi ya kuhudumia wagonjwa Uingereza, ukakaa miaka tisa, ukarudi. Pensheni ya kila mwezi ya NSSF inataka miezi 180 ya michango, yaani miaka 15. Ya Uingereza inataka miaka 10. Umefanya kazi miaka 17 na hujafikia sharti la pensheni ya uzeeni hata upande mmoja. Mikataba ya hifadhi ya jamii inaweza kuwekwa kipengele cha kujumlisha vipindi hivyo viwili ili usianguke katikati. Bila mkataba, kila nchi inahesabu kivyake.

Tunadai nini basi? Moja, Sheria ya Uraia irekebishwe, raia wa kuzaliwa asipoteze uraia wake, na waliokwisha kuupoteza waurudishe. Mbili, serikali ianze mazungumzo ya mkataba wa hifadhi ya jamii na Uingereza, na nchi nyingine wanakokwenda vijana wetu, Oman ikiwemo. Uingereza haitakimbilia kusaini, tusidanganyane, maana nyongeza inawagharimu. Lakini karibu nusu milioni ya wastaafu duniani wamegandishwa kama Ami, wengi wao kwenye nchi za Jumuiya ya Madola. Tukienda na Kenya, India, Canada na Australia kwenye mkutano mmoja, hatutakuwa wadogo. Tatu, kujumlisha vipindi vya michango kuwe hatua ya kwanza, kwa sababu inagusa vijana.

Na kwa wazee walio njiani kurudi, mwelezeni mzazi wako haya leo: ahakikishe amefikisha miaka 10 ya michango kabla hajaondoka, ajue kiwango kitasimama, fomu ya uhai airudishe mapema. Na akitokea mtu wa kumhamishia pensheni yake nje, awe makini sana. Ya serikali haihamishwi kwenda mfuko wowote. Ya mwajiri inahamishwa tu kwenda mifuko inayotambuliwa na mamlaka ya kodi ya Uingereza, na hata huko inaweza kukatwa asilimia 25. Akiipeleka kwenye mfuko usiotambuliwa, kodi inaweza kufika asilimia 55. Zaidi ya nusu ya jasho la maisha.

Fomu ya Ami tumeijaza, shahidi amesaini, nimeipeleka posta mwenyewe. Kipengele cha uraia aliniachia nikijaze. Nikaandika "Mwingereza", kwa sababu ndivyo ilivyo kisheria. Akaivuta karatasi, akaisoma kwa miwani yake, akanirudishia bila neno.

Siku mgombea yeyote atakapokuja kwenye mtaa wenu, awe wa kwao au wa kwetu, muulizeni kama atapiga kura ya ndiyo kwenye muswada wa uraia pacha. Msikubali ahadi ya kulifanyia kazi. Jibu ni ndiyo au hapana.