Ile Hela Tuma Kwenye Namba Hii

Na Mwana Mtoni

Jumatatu jioni, kwa wakala pale Mbagala Rangi Tatu, nilimkuta mama muuza samaki ameegemea kaunta, ndoo yake chini, mkononi kitochi kilichofungwa kwa mpira. Mchana alituma 120,000, kodi ya miezi mitatu. Sasa mwenye nyumba kampigia kuuliza kodi iko wapi.

Kijana wa kibandani alishapiga simu kwa kampuni. "Imeshatolewa, mama."

"Yote, mwanangu?"

"Yote."

Meseji yenyewe mnaijua: ile hela ya kodi tuma kwenye namba hii, laini yangu ile ina shida. Na jina litakalotokea limeandikwa kabisa, ili mtumaji asishtuke. Pembeni jamaa mmoja akasema kwa sauti, "Siku hizi bado kuna mtu anatapeliwa na meseji hii?" Mama akainama, akajifanya anafunika ndoo.

Nimeudhika tangu siku hiyo, na siyo kwa mama. Swali la yule bwana ni zuri ila kalielekeza kwa asiyehusika. Sentensi moja, ile ile, inayojulikana na watoto wa shule, bado inapitaje kwenye mitambo ya makampuni ya simu na kuingia salama kwa mama wa Mbagala?

Kwenye barua pepe kazi hii ilishafanyika. Mwaka 2002 mtaalamu wa kompyuta Paul Graham alieleza namna kompyuta inavyoweza kuhesabu maneno, ikajifunza yapi hujaa kwenye barua taka, ikaziweka kando. Leo Google inasema Gmail inazuia zaidi ya asilimia 99.9 ya barua taka. Mimi mwenye kompyuta nalindwa nikiwa nimelala. Mama wa kitochi chujio lake ni macho yake mwenyewe, na macho hayo yameamka alfajiri kuwahi samaki Feri.

Ukutani pale kibandani kuna tangazo la TCRA, mamlaka ya mawasiliano: ukipata meseji ya kitapeli, itume 15040. Namba hiyo nzuri, itumieni. Lakini unaituma ikiwa imeshakufikia, kisha unasubiri ujibiwe, ndipo uandike namba ya tapeli. Jaribu hayo kwenye kitochi ambacho vitufe vyake vimefutika. Na yule aliyeshaamini hawezi kuripoti, maana kwake hiyo siyo meseji ya kitapeli, ni ya mwenye nyumba.

Januari 2020 tulibanana kwenye foleni za alama za vidole laini zisifungwe, tukaambiwa utapeli utapungua. Sasa tapeli anatamba na usajili huo huo: jina litakuja fulani! Wapigieni wazazi wenu leo, muwafundishe *106#, waone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chao.

Na Sheria ya Makosa ya Mtandao tunayo tangu 2015. Sheria humfuata mwizi, na mwizi huyu hela ameshaitoa. Kinachotakiwa ni kumzuia mlangoni.

Makampuni yatasema hayawezi kusoma meseji za wateja, ni siri. Mtambo unaotambua sentensi iliyorudiwa mara maelfu kutoka laini moja haujasoma siri ya mtu. Ukweli ni kwamba utapeli huu hauwagharimu wao. Meseji imetumwa, makato yamekatwa, hasara ni ya mama.

Uwezo wanao. Kopa muda wa maongezi wa shilingi 500, ukae wiki mbili kimya, kisha ongeza salio usiku wa manane. Deni linakatwa hata kabla hujaweka simu sikioni.