Jallow, jaji aliyeacha deni Arusha

Kwenye vijiwe vya kahawa vya Ngamiani, Tanga, ukiitaja Arusha, utasikia habari za watalii au nauli ya basi. Hassan Bubacar Jallow hatajwi.

Mgambia huyu, aliyekuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya kwao, aliongoza mashtaka katika Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, pale Arusha, kuanzia 2003 hadi ilipofungwa 2015. Watu 93 walishtakiwa. Kesi iliyotikisa ilianza 2001, kabla yake: ya Pauline Nyiramasuhuko, waziri wa zamani wa wanawake (ndiyo, wa wanawake). Mwaka 2011 jopo lililoongozwa na Mtanzania, Jaji William Sekule, lilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari na ubakaji.

Jallow anastahili sifa, lakini si zote. Mauaji ya maaskofu karibu na Kabgayi, yaliyofanywa mwaka 1994 na askari wa RPF, waasi walioshinda vita Rwanda, aliyaachia mahakama za Rwanda. Upande huo ulioshinda haukupandishwa kizimbani Arusha hata mara moja, na hapo alikosea.

Mwaka 2017 akawa Jaji Mkuu wa Gambia. Majalada ya mahakama ile yamebaki Lakilaki, Arusha, safari ya siku moja kutoka stendi ya Kange, Tanga.