Nani Bosi wa Mkuu wa Wilaya?

Kila Wamarekani wanapofanya uchaguzi, vijiwe vya Bongo vinajaa wataalamu. Utamkuta kijana wa Mbagala anakuchambulia Seneti, kura za majimbo na nani atapewa wizara gani, utadhani kazaliwa Chicago. Si vibaya kujua ya wenzetu. Lakini muulize kijana huyo huyo: mkuu wa wilaya ya Temeke kapatikanaje, na nani anaweza kumtoa? Atakujibu kwa neno moja tu: Rais. Mjadala umekwisha.

Mimi nadhani hapo ndipo ulipotakiwa uanze.

Tuanze na hao hao Wamarekani. Rais wao ana nguvu kubwa. Serikali yake ina wizara 15, na anateua watu wapatao 4,000. Ila zaidi ya 1,000 kati yao hawakalii kiti mpaka Seneti iwapitishe. Waziri haruhusiwi kuwa mbunge kwa wakati mmoja, ndiyo maana Hillary Clinton alipokuwa waziri wa mambo ya nje mwaka 2009 alilazimika kuachia useneta. Na kubwa kuliko yote: wana majimbo 50, na Rais hateui gavana hata mmoja, wala meya. Juni 2025 Donald Trump alipopeleka askari wa Walinzi wa Taifa Los Angeles bila ridhaa ya gavana wa California, Gavin Newsom, gavana alikwenda kumshitaki mahakamani. Hebu jaribu kumfikiria mkuu wa mkoa wetu yeyote akifanya hivyo. Ukicheka, nakuelewa.

Sasa turudi nyumbani. Katiba ya mwaka 1977 inasema Rais ni Mkuu wa Nchi, Kiongozi wa Serikali na Amiri Jeshi Mkuu. Hapo hatupishani na Marekani. Tunaanza kupishana tunaposhuka chini. Mawaziri wetu wanatoka humo humo bungeni, kwa hiyo mbunge anayetakiwa kuibana serikali leo ndiye anayesubiri kuitwa serikalini kesho. Mkuu wa mkoa anateuliwa na Rais. Mkuu wa wilaya anateuliwa na Rais. Mkurugenzi wa manispaa, yule anayeshika mafungu ya fedha za halmashauri, naye anateuliwa na Rais. Tanzania Bara ina mikoa 26, wilaya 139 na halmashauri 184. Piga hesabu: karibu watu 350 wanaongoza maisha yetu ya kila siku, na wote wanatoka kwenye mkeka mmoja. Hakuna bunge wala baraza la madiwani linalowahoji kabla hawajaapishwa.

Mkazi wa Kinondoni anamchagua nani basi? Rais, mbunge, diwani na mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Madiwani nao wanamchagua meya. Sisi tunaozunguka na ziara za viongozi kuandika habari tunajua nani mwenye kauli. Mkuu wa wilaya akishuka kwenye gari, watendaji wote wanatoa madaftari. Diwani, ambaye mtaro uliofurika umepita mbele ya nyumba za wapiga kura wake, anapewa dakika mbili za kusalimia.

Si suala la itifaki tu. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inampa mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani hadi saa 48. Julai 2017 mkuu wa wilaya ya Kinondoni wa wakati huo, Ally Hapi, aliagiza polisi wamkamate mbunge wa Kawe, Halima Mdee, na kumweka ndani saa 48 kwa madai ya kumkashifu Rais. Sahau vyama kidogo. Aliyechaguliwa na wananchi aliwekwa ndani kwa amri ya mtu ambaye hakuna mkazi hata mmoja wa Kinondoni aliyempigia kura. Kama yanamkuta mbunge, muuza mitumba wa Tandale atasema nini?

Au chukua jiji lenyewe. Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa, tukaongozwa na tume ya kuteuliwa mpaka manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke zilipoanza mwaka 2000. Februari 2021 Rais Magufuli akaivunja tena na kuipandisha Ilala kuwa jiji. Inawezekana kulikuwa na sababu nzuri mara zote mbili. Lakini sisi wakazi hatukupiga kura yoyote.

Najua hoja ya upande wa pili. Watasema nchi hii imeshikamana kwa sababu mkono wa Ikulu unafika kila wilaya, na kwamba tukichagua wakuu wa mikoa tutaleta ukabila. Watatutolea mfano wa Kenya, wanaochagua magavana 47 tangu 2013, na baadhi yao wameonja fedha za umma kama za nyumbani kwao. Ni kweli. Ila tuumalizie mfano huo: gavana wa Nairobi, Mike Sonko, aling'olewa Desemba 2020 baada ya bunge la kaunti yake kumshitaki na Seneti kumtia hatiani. Hakuna aliyesubiri huruma ya Ikulu.

Sisemi tuige Marekani. Kule nako mabalozi wanapatikana kwa kuchangia kampeni. Ninachosema ni kidogo tu. Rais aendelee kuwa na mwakilishi wake wilayani wa kusimamia ulinzi na usalama, lakini ile saa 48 ifutwe, kazi ya kukamata ibaki kwa polisi na mahakama. Mkurugenzi aajiriwe na kuwajibika kwa madiwani. Na meya tumchague sisi wenyewe kwa kura ya moja kwa moja, tujue wa kumdai.

Tume ya Jaji Warioba ilishapendekeza mwaka 2013 mawaziri wasiwe wabunge. Mchakato ukaishia njiani, kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 haikufanyika. Siku mjadala wa katiba mpya ukirudi, tusiishie kubishana juu ya tume ya uchaguzi na muungano pekee. Tushuke mpaka wilayani.

Mtumishi humtazama anayemlipa na anayeweza kumfukuza. Mkuu wa wilaya wa Temeke akiangalia Ikulu badala ya Mbagala hafanyi kosa. Anamwangalia bosi wake.

Nawasilisha.