Tufungue Vigango Vyetu kwa Watoto Siku za Kazi



Septemba iliyopita, siku chache kabla ya kurudi seminari, nilikwenda kumuaga dada yangu kule kwetu Susuni, wilayani Tarime. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza na watu walikuwa mashambani wakipanda. Nyumbani nilimkuta mwanawe wa miaka minne, akilindwa na binti wa jirani mwenye umri wa miaka minane hivi, aliyekuwa amembeba mdogo wake mwenyewe mgongoni. Nikamuuliza, "Leo siyo siku ya shule?" Akatazama chini, akajibu, "Mama amesema nikae na watoto mpaka tumalize kupanda."

Jibu lile lilinichoma, kwa sababu naijua hadithi hiyo. Mimi nililelewa hivyo hivyo. Mama alipokuwa shambani, aliyenibeba mgongoni ni dada yangu, na kwa ajili hiyo alianza darasa la kwanza akiwa na miaka kumi. Aliishia la saba. Hata leo akipokea barua kutoka shuleni kwa watoto, huiweka mpaka apatikane mtu wa kumsomea vizuri. Kijijini watu wananiita Frateri na kunipongeza kwa wito wangu. Yeye aliyenibeba sijasikia akipongezwa.

Ndugu wasomaji, napenda tuzungumze juu ya mtoto wa miaka miwili hadi mitano. Hoja yangu ni kwamba katika vijiji vyetu mtoto wa umri huu hana anayemfuatilia, na kwamba Kanisa, ambalo lina kigango karibu katika kila kijiji chetu, linaweza kubadili hali hiyo bila kungoja fedha nyingi.

Tuanze na safari ya mtoto huyu. Akizaliwa, mama humpeleka kliniki kila mwezi. Anapimwa uzito, anachanjwa, kadi yake inajazwa. Akifikisha miezi 18 anapata chanjo ya pili ya surua na rubela. Baada ya hapo akina mama wengi huona kazi imekwisha. Kadi huwekwa chini ya godoro, ingawa mtoto anatakiwa kuendelea kupimwa mpaka afikishe miaka 5. Serikali itamwona vizuri tena siku atakapoandikishwa darasa la awali.

Nasi katika Kanisa hatuna tofauti kubwa. Tunambatiza akiwa mchanga na kuandika jina lake katika kitabu cha ubatizo. Kisha tunakutana naye tena anapoanza mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Katikati ya hapo tunamkumbuka akilia wakati wa mahubiri, na mara nyingi tunamkumbuka kwa kumwonyesha mama yake mlango.

Na miaka hiyo ya katikati ndiyo miaka ya kujenga msingi. Mtoto akifika umri wa miaka 6, ubongo wake umekwisha kufikia takriban asilimia 90 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Katika miaka hiyo anatoka kwenye maneno mawili matatu mpaka kusimulia kisa kizima. Anajifunza kuruka, kupanda mti, kungoja zamu yake, kugawana na wenzake, kuona huruma mwenzake akiumia. Anaanza kuuliza "kwa nini" mara nyingi kuliko sisi tunaolipiwa ada ili tuulize swali hilo hilo katika madarasa ya falsafa. Asipojibiwa, mwisho anaacha kuuliza.

Mwili nao unadai haki yake. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wamedumaa, yaani kimo chao ni kifupi kuliko inavyotakiwa kwa umri wao. Mwaka 2010 walikuwa asilimia 42, kwa hiyo tumepiga hatua. Lakini watatu katika kila kumi bado ni wengi, na udumavu hauishii kwenye kimo. Lishe duni ya miaka hiyo humfuata mtoto mpaka darasani, akashindwa kushika anachofundishwa, nasi tukamwita mzito.

Kwetu Tarime hatuwezi kusema kila mara kwamba chakula hakuna. Tuna mahindi, ndizi, mihogo, ulezi, karanga, maziwa, na dagaa wa Ziwa Victoria wanatufikia sokoni. Tatizo ni namna mtoto anavyokula. Anakula ugali mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, pamoja na wakubwa, kutoka sahani moja. Tumbo lake ni dogo, linashiba upesi na kuona njaa upesi. Anahitaji kula mara nne au tano, kidogo kidogo. Mchana wote mama yuko shambani na mlinzi wake ni mtoto mwenzake. Maziwa yamekwenda kuuzwa, na mayai vilevile. Baba wa Kikurya (nasema kama mtoto wa baba wa Kikurya) anajua kila ng'ombe wake alikunywa dawa lini, lakini muulize mwanawe alipimwa uzito lini mara ya mwisho.

Mwaka jana tulisoma wanafalsafa wa Kiyunani, nami nikakutana na jambo ambalo sikulitarajia. Katika kitabu cha saba cha Siasa, Aristotle anashauri kwamba mpaka mtoto afikishe miaka mitano asilazimishwe masomo wala kazi nzito, ili ukuaji wake usizuiwe. Anataka mwili wake uchangamshwe kwa michezo, na wakubwa waangalie hadithi anazosimuliwa. Mwalimu wake, Plato, katika kitabu cha Sheria, anakwenda mbali zaidi. Anapendekeza watoto wa miaka mitatu hadi sita wa kila kijiji wakusanywe mahali pa ibada pa kijiji chao, wacheze pamoja chini ya uangalizi wa wanawake waliopewa kazi hiyo. Niliposoma hapo nilifunga kitabu nikakiona kigango chetu. Jengo lile linajaa Jumapili, na pengine siku moja ya jumuiya au ya mazoezi ya kwaya. Siku nyingine zote limefungwa kwa kufuli, na hatua chache kutoka mlangoni binti wa miaka minane anabeba mtoto.

Lakini Wayunani hao tusiwafuate kwa kila jambo. Aristotle huyo huyo, katika kitabu hicho hicho, anataka pawe na sheria ya kutomlea mtoto aliyezaliwa na kilema. Hapo Injili inamkataa moja kwa moja. Kwetu sisi mtoto hahesabiwi kuwa mtu kwa sababu ya kile atakachoweza kufanya baadaye. Ni mtu kamili tangu mwanzo, kwa mfano wa Mungu. Hata hivyo tusijisifu upesi. Wako watoto wenye ulemavu katika vijiji vyetu ambao majirani hawajawahi kuwaona, kwa sababu wamefichwa chumbani. Hatukuwatupa kama Aristotle alivyotaka, lakini tumewafungia. Kigango kikifunguliwa kwa watoto wadogo, hao ndio wawe wa kwanza kualikwa.

Kanisa halianzi jambo geni hapa. Tarehe 6 Januari 1907, Sikukuu ya Tokeo la Bwana, daktari Mkatoliki Maria Montessori alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto katika mtaa maskini wa San Lorenzo, Roma. Watoto wale walikuwa wakiachwa peke yao mchana kutwa wazazi wakienda kazini, sawasawa na wa kwetu. Aliwapa vitu vya kushika, kupanga, kumimina na kusafisha, akawatazama kwa makini, na watu wakashangaa jinsi watoto waliodharauliwa walivyotulia na kujifunza. Hapa Tanzania masista wa mashirika mbalimbali wameendesha shule za Montessori na kuandaa walimu wake kwa miaka mingi. Lakini shule hizo nyingi ziko mijini au penye misheni kubwa, na zinahitaji ada. Kijiji cha mpakani hakijafikiwa.

Serikali nayo imefungua njia. Desemba 2021 ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayomhusu mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka 8. Inataja mambo matano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, nafasi ya kujifunza mapema, na ulinzi na usalama. "Malezi yenye mwitikio" ni maneno makubwa, lakini maana yake bibi zetu wanaifahamu: mtoto akikuita, itika, akikuonyesha kitu, kitazame, akikuuliza, mjibu.

Basi napendekeza tuanze kidogo. Tuanze na majuma ya kupanda na ya kupalilia, katika vuli na katika masika, kwa sababu ndipo mabinti wanapotolewa shuleni. Asubuhi kigango kifunguliwe. Akina mama wa WAWATA na bibi wenye nguvu wapeane zamu. Kila Jumuiya Ndogo Ndogo ichange mahindi, ulezi na karanga, na watoto wanywe uji mzito saa nne, kisha wapate chakula tena kabla ya kurudi nyumbani. Akina baba walete maji, wachimbe choo kifupi kinachomfaa mtoto, na watengeneze bembea. Mara moja kwa mwezi mhudumu wa afya wa kijiji aalikwe na mizani yake, na zile kadi zitoke chini ya godoro.

Pasigeuzwe kuwa darasa. Nimeona mahali ambapo mtoto wa miaka mitatu ana daftari, sare, mtihani na fimbo, na mwisho wa mwaka anavishwa joho la mahafali. Wazazi wanafurahi kwa sababu anaimba alfabeti ya Kiingereza, lakini hajui kucheza na wenzake. Mtoto wa umri huo anajifunza hesabu kwa kupanga mawe na magunzi, anajifunza kuandika kwa kufinyanga udongo, na anajifunza kufikiri kwa kusikiliza hadithi. Hadithi hizo zisimuliwe kwa Kikurya, bila aibu. Darasa la awali litampa Kiswahili. Kama nyumbani amejifunza kusimulia na kuuliza kwa lugha ya mama, Kiswahili atakipokea akiwa tayari anajua kusema jambo likaeleweka. Na ile methali ya samaki mkunje angali mbichi tuitumie kwa uangalifu, maana wengi wameifanya kibali cha kumpiga mtoto ambaye hata kosa lake halijui.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Wako watakaosema, "Sisi tulikua hivyo hivyo, na tuko salama." Wanaosema hivyo ni wale waliovuka. Waliozikwa wakiwa wadogo hawawezi kuchangia hoja, na walioachia shule njiani, kama dada yangu, hatujawauliza.

Wengine watasema kulea ni kazi ya wazazi. Ni kweli, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya elimu ya Kikristo la mwaka 1965, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu. Lakini tamko hilo hilo linasema familia inahitaji msaada wa jamii nzima katika kazi hiyo. Kigango hakimchukui mtoto kwa mama. Kinampa mama asubuhi ya kulima akiwa na moyo mtulivu.

Pingamizi la tatu ni zito kuliko yote: usalama wa watoto. Hapa hakuna mzaha. Asiwepo mtu mzima yeyote, awe katekista au frateri kama mimi, anayekaa peke yake na mtoto. Walezi wawe wawili au zaidi muda wote, wanaofahamika na kukubaliwa na wazazi. Kabla ya kuanza, paroko na viongozi wa kigango wazungumze na serikali ya kijiji na ofisi ya ustawi wa jamii, ili mambo yaende kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Penye mashaka, tusifungue mpaka yaondoke.

Kwenu mafrateri wenzangu nina neno moja. Tunasoma kwa bidii swali la binadamu ni nani, na tunaweza kulijibu kwa kurasa nyingi. Lakini wengi wetu hatujui mtoto wa miaka mitatu anaweza kufanya nini, anaogopa nini, anakula mara ngapi. Mwinjili Luka anatuambia kwamba Yesu alikua katika kimo na hekima. Mwana wa Mungu hakuuruka umri wa miaka minne. Alianguka akijifunza kutembea, aliuliza maswali, alilishwa, na palikuwa na mtu wa kumwitikia. Likizo ijayo, kabla ya kuomba nafasi ya kutoa tafakari kanisani, tukae mkekani na watoto hawa asubuhi moja, mama zao wakiwepo, tuwasikilize.

Mimi nimekwisha kumwandikia dada yangu. Amejibu kwa simu kwamba atazungumza na wenzake wa jumuiya, na kwamba ufunguo wa kigango anajua unakaa kwa nani. Mvua za masika hazingoji vikao virefu. Natamani zitakapoanza, mtoto wake awe anakunywa uji na wenzake kigangoni, na yule binti wa miaka minane awe darasani, ameketi kwenye dawati, mgongo wake ukiwa hauna mzigo.

Mwandishi ni mseminari wa falsafa, mwenyeji wa Susuni, Tarime.