Mfupa wa nyonga unapokufa

Juma hili nina barua ya mama mmoja wa hapa Nairobi. Mwanawe ana umri wa miaka 21, yuko chuoni, na alizaliwa na ugonjwa wa selimundu. Tangu mwaka jana kijana amekuwa akichechemea. Mwanzoni alilalamika goti. Likachuliwa, likapigwa picha, likaonekana zima kabisa. Sasa daktari wa mifupa amewaambia kwamba mfupa wa nyonga umeanza kufa, na kwamba wakiwahi anaweza kupandikiziwa mfupa mwingine. Mama anauliza mambo mawili: mfupa huo utatoka kwa nani, na je, mtoto hawezi kungoja amalize masomo kwanza?

La kwanza ni jepesi. Kwa kawaida mfupa hutoka kwa mgonjwa mwenyewe, ama ukingoni mwa nyonga pale tunapofungia mshipi, ama kwenye ule mfupa mwembamba ulio kando ya muundi. Mfupa huo wa mguuni hubeba sehemu ndogo tu ya uzito wetu, na kipande chake kikitolewa mtu hutembea bado, mradi sehemu ya chini inayoshikilia kifundo iachwe.

La pili linahitaji maelezo. Kichwa cha mfupa wa paja ni mviringo kama mpira, nacho huzunguka ndani ya kikombe cha nyonga. Damu yake hupita katika vimishipa vyembamba vinavyopanda shingoni mwa mfupa. Fikiria mtaa unaopata maji kwa bomba moja. Bomba likiziba, kila nyumba hukauka. Kwa mgonjwa wa selimundu, chembe za damu zilizopinda ndizo huziba. Kwa wengine ni ajali iliyovunja shingo ya mfupa au kutegua nyonga, au pombe nyingi ya miaka, au dawa za steroidi kama prednisoloni zilizotumiwa kwa wingi na kwa muda mrefu. (Ikiwa ulipewa dawa hizo na daktari wako usizikatize ghafla eti kwa sababu umesoma hapa, kukatiza ghafla kuna hatari yake. Nendeni mkazungumze.)

Mfupa uliokufa hauporomoki siku hiyo hiyo. Mwili huanza kuula ule uliokufa ili ujenge mpya, na katika kipindi hicho mfupa huwa dhaifu huku mwenyewe akiendelea kupanda ngazi na kurukia matatu. Hatimaye uso wa ule mpira hubonyea kama ganda la yai. Kabla ya kubonyea, kupandikiza kunaweza kuuokoa. Ukishabonyea, mara nyingi mfupa mpya haufai kitu. Kwa hiyo mama, asingoje. Muulize daktari picha zinaonyesha mpira ungali mviringo au la. Jibu hilo ndilo litakaloamua, wala si kalenda ya chuo. Eksirei ya mapema huweza kuonekana safi kabisa, na kipimo cha MRI ndicho huona mapema zaidi. Nyonga ya pili pia ipimwe, hata kama haiumi.

Kuhusu goti, msimlaumu kijana. Maumivu ya nyonga hujificha gotini mara nyingi, mengine kinenani.

Upasuaji wenyewe una sura mbili. Katika ile ya zamani, ambayo daktari Phemister wa Marekani aliieleza mwaka 1949, daktari hutoboa njia kupitia shingo ya mfupa, huchokoa sehemu iliyokufa, kisha huingiza vipande vya mfupa viwe nguzo. Ya pili ni ngumu zaidi: mfupa wa mguuni huhamishwa pamoja na mshipa wake wa damu, kisha mishipa hiyo hushonwa kwa ile ya pajani chini ya darubini. Kazi hiyo huchukua saa nyingi na si kila hospitali inaiweza. Baadaye wengine hubaki na udhaifu au maumivu katika kidole gumba cha mguu.

Kwa selimundu, mtaalamu wa nusukaputi na daktari wa damu sharti wajue mapema. Mgonjwa hutayarishwa kwa maji ya kutosha, asipatwe na baridi, na pengine aongezewe damu. Nao ugonjwa wenyewe ungalipo, hivyo hakuna anayeweza kuwaahidi kwamba mfupa hautaugua tena.

Ikishindikana, kuna nyonga ya bandia. Bo Jackson, mchezaji wa Marekani aliyeumia nyonga Januari 1991 na mfupa wake ukafa, aliwekewa ya bandia mwaka 1992 na akarudi kucheza besiboli mwaka 1993. Lakini ya bandia huchakaa, na kijana wa miaka 21 huenda akahitaji kubadilishiwa zaidi ya mara moja maishani. Ndiyo sababu madaktari hujaribu kwanza kuuokoa wake wa kuzaliwa.

Jiandaeni kwa magongo, mama. Kwa majuma kadhaa mguu huo hautakanyaga kwa uzito wote, na kutembea sawasawa kwaweza kuchukua miezi. Mwandikieni mkuu wa chuo mapema, na kama chumba chake kiko ghorofani, ombeni kingine cha chini.