Maktaba ya Kindu Ianze Kuzeeka Leo

Katika vyuo vikuu vyetu vya Kongo mwanafunzi aweza kufika mwisho wa masomo yake bila kuketi maktabani hata asubuhi moja nzima. Hununua silabusi ya mwalimu, akaikariri, akairudisha siku ya mtihani kama alivyoipokea, na diploma akapewa. Tusimlaumu mno, kwani ndiyo njia aliyoonyeshwa. Hata hivyo lipo analolikosa, nalo ndilo liwafanyalo watu wa mataifa yote wafunge safari kwenda kusoma katika maktaba kongwe za vyuo: kukaa meza moja na wafu wasiokubaliana. Silabusi ina sauti ya mtu mmoja tu. Katika maktaba ya zamani mwandishi wa karne ya 17 anampinga wa karne ya 16, wa jana anawapinga wote wawili, na msomaji hana budi kuwa hakimu wao. Watu husifu dari zilizochorwa na meza za mbao nyeusi, lakini hizo hazifundishi mtu. La kustaajabisha ni kwamba kuna watu waliohifadhi karatasi pasipo kumjua atakayezihitaji. Kazi hiyo yaweza kufanywa Kindu, na yapaswa kuanza sasa.

Wa kwanza kupinga atasema kwamba mkoa wetu wa Maniema, ilipo Kindu, hauna cha kuhifadhi, kwa kuwa Chuo Kikuu cha Kindu kimezaliwa juzi tu, katika karne hii, kikianza kama tawi la Lubumbashi. Chuo ni kijana, kweli, lakini nchi yenyewe si kijana. Mwaka 1871 msafiri Livingstone alikuwa Nyangwe, kando ya mto Lualaba, huu huu unaopita Kindu. Karatasi zilimwishia, akaandika shajara yake juu ya gazeti kuukuu la Uingereza kwa wino uliotengenezwa kwa mmea wa hapa, na humo aliyaandika mauaji ya sokoni ya tarehe 15 Julai, ambamo watu mia kadhaa walipoteza maisha, wengi wao wanawake waliokuja kuuza na kununua. Wino ule ukafifia hata haukusomeka tena. Kurasa zenyewe zimehifadhiwa Scotland, na wataalamu walizipiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali, maneno yakaonekana, yakachapishwa mwaka 2011. Tippu Tip naye, aliyetawala biashara yake kutoka Kasongo, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili. Simulizi hiyo ilichapwa Berlin mwanzoni mwa miaka ya 1900. Kwa hiyo kijana wa Kindu anayetaka kujua habari za babu zake huzitafuta Scotland na Ujerumani, na huzikuta zimeandikwa na mgeni au na tajiri wa pembe na watumwa. Yule mama aliyekwenda soko la Nyangwe hakuacha ukurasa hata mmoja.

Watu wadogo nao huandika, ila karatasi zao hutupwa. Mwaka 1965 huko Lubumbashi, mji ulioitwa wakati ule Elisabethville, André Yav aliandika historia ya mji kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani, kwa Kiswahili kile kile cha Katanga kinachosemwa mitaani. Haikuwa kitabu cha duka. Zilikuwa kurasa za mashine ya kuandikia. Nakala ikasalimika, mwanaanthropolojia Johannes Fabian akaichapisha mwaka 1990, na leo hakuna mwanahistoria wa Katanga anayeweza kuipita. Je, wazee wa reli ya Kindu na Kongolo, mabaharia wa mtoni, walimu wa misheni, hawana madaftari na barua ndani ya masanduku yao? Wanazo, na wajukuu huzitumia kuwashia moto.

Wa pili atasema: simu inatosha, kila kitu kimo mle. Simu ni chombo kizuri, na shajara ile ya Nyangwe yaweza kusomwa leo kwenye intaneti bila malipo. Lakini imefikaje huko? Imefika kwa sababu gazeti kuukuu lilitunzwa kwa miaka 140. Simu hutoa kilichowekwa, na cha Maniema kilichowekwa ni kidogo.

Pingamizi zito ni la umaskini: mchwa, mvua, umeme wa shida, vita. Hili halijibiwi kwa maneno matamu. Vitabu vya Timbuktu vilidumu karne nyingi mikononi mwa familia, na mwaka 2012 vikatoroshwa ndani ya masanduku ya bati hadi Bamako. Lakini jangwa ni kavu, nasi tuko msituni. Hata hivyo tazama Ulaya yenyewe. Maktaba ya chuo cha Oxford ilikombwa vitabu vyake, na mwaka 1556 hata samani zake zikauzwa. Thomas Bodley akaanza upya mwaka 1598, akaifungua mwaka 1602 ikiwa na vitabu kama 2,000. Ile ya Leuven nchini Ubelgiji, chuo kilichozaa Lovanium ya Kinshasa mwaka 1954, iliteketezwa na jeshi la Ujerumani mwaka 1914, ikajengwa, ikaungua tena mwaka 1940 pamoja na vitabu karibu 900,000, ikajengwa tena. Ukongwe wa maktaba hizi umetokana na watu waliokataa kuacha.

Wapo pia wanaodai kwamba Ulaya iturudishie karatasi zetu kwanza. Dai hilo ni la haki, nami naliunga mkono, ila anayedai awe na chumba kisichovuja.

Basi wakubwa wa chuo watenge chumba kimoja kikavu, chenye rafu zilizo mbali na ukuta na masanduku ya bati kwa karatasi za thamani, na kila hati iwe na nakala mahali pa pili. Walimu watoe maswali ambayo silabusi peke yake haiwezi kuyajibu, ili mwanafunzi alazimike kuingia humo. Familia za Kindu, Kasongo na Kibombo zilete barua za wazee wao, au angalau ziruhusu zipigwe picha. Na wewe unayemaliza masomo mwaka huu, peleka nakala ya memuari yako maktabani kabla ya sherehe.